Nyumba uliyopanga ikiuzwa ijengwe magorofa: namna ya kuinusuru biashara yako

Nilishona nguo katika fremu moja kwa miaka 17. Ilikuwa chumba cha mbele, ghorofa ya chini, katika safu ya nyumba za zamani zilizokuwa na biashara 9: mimi, fundi saa, saluni, duka la vifaa vya umeme, fundi viatu, duka la dawa, steshenari, mshona mapazia na kijana wa kutengeneza redio na simu. Leo mahali hapo pamesimama magorofa ya kuishi. Kati yetu tisa, wanne bado tunafanya kazi. Watano walifunga, na wawili kati yao walikuwa na wateja wengi kuliko mimi.

Hao wawili ndio walionifanya niandike. Kazi waliijua vizuri sana, ila walianza kujiandaa siku barua ilipofika, na barua ikishafika muda uliobaki hautoshi. Naandika kwa ajili ya mpangaji ambaye sasa hivi anasikia minong'ono tu, au hajasikia chochote ila mtaa wake unabadilika. Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: chumba ni mali ya mwenzako, lakini wateja ni mali yako, na mali hiyo haina hati mpaka wewe mwenyewe uiandikie.

Dalili hutangulia barua

Kwetu barua ilitanguliwa na mambo madogo madogo kwa karibu miaka miwili, na kila moja tulilitafutia maelezo ya kutuliza moyo.

La kwanza lilikuwa paa. Lilivuja juu ya meza yangu ya kukatia, nikamweleza mwenye nyumba kama nilivyozoea, na kwa mara ya kwanza hakutuma fundi. Aliniambia niweke ndoo. Mwezi uliofuata mkataba wangu wa mwaka ukaisha, akasema mpya tutauandika baadaye, kwa sasa tulipane mwezi kwa mwezi. Nilifurahi kwa sababu hakupandisha kodi. Kumbe mwenye nyumba akianza kukwepa mikataba mirefu, anajiachia mlango wazi.

Baadaye walikuja vijana wawili na darubini ya kupimia ardhi yenye miguu mitatu, wakapiga alama ya rangi nyekundu kwenye kona ya ngazi yetu. Wiki chache mbele ikaletwa uani mashine ya kutoboa ardhi. Ilitoa udongo kwa bomba refu, na ule udongo ukapangwa ndani ya masanduku ya mbao yaliyoandikwa kina kwa kalamu nene: mita 3, 6, 9, 12. Fundi saa akawauliza kama wanatafuta maji. Mmoja akajibu, "Ndiyo, mzee." Tukaridhika. Lakini mchimba kisima akimaliza huacha pampu, na hawa waliondoka na udongo. Walikuwa wanapima kama ardhi itabeba jengo refu, na hakuna anayegharamia kipimo hicho ili abaki na nyumba ya zamani.

Dalili nyingine: chumba kinakuwa wazi na hakuna mpangaji mpya anayetafutwa, dalali anapita na wageni wanaotazama mapaa na mipaka badala ya bidhaa, nyumba za jirani zinanunuliwa moja moja kwa muda mfupi. Ukiona mbili kati ya hizi, jiendeshe kama mtu aliyekwisha pewa notisi.

Inafaa pia ujue kwa nini inatokea, maana ukijua hutamaliza nguvu zako kumkasirikia mtu mmoja. Mwaka 1979 mwanajiografia Neil Smith alieleza jambo hili kama pengo la kodi: tofauti kati ya kipato ambacho kiwanja kinaingiza leo na kile ambacho kingeingiza kama kingejengwa upya. Mji ukikua, barabara ikapita, watu wakaongezeka, pengo linapanuka. Likifika kiwango fulani mwenye nyumba anaona kukarabati paa ni kutupa fedha. Ile ndoo yangu ilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Naye Ruth Glass, mwanasosholojia, alikuwa ameshaandika mwaka 1964 jinsi mitaa ya wafanyakazi huko London ilivyokuwa ikichukuliwa na watu wa kipato cha juu hadi wakazi wa mwanzo wakatoka. Kwa mwenye duka hilo ni pigo la pili. Wateja wako wanaopanga vyumba vya jirani nao wanahama, kwa hiyo hata kama fremu yako haijaguswa, mauzo yanaweza kuanza kupungua.

Mjue anayeamua

Kwa miezi mitano nilikuwa nazungumza na mtoto wa mwenye nyumba. Alikuwa kijana wa heshima, akinipitia dukani, ananiambia, "Mama, wewe ni mtu wa nyumbani, hatuwezi kukuacha." Naamini alimaanisha. Lakini nyumba ilikuwa imeshauzwa, na ahadi zake zilikuwa za mtu asiye na mamlaka tena.

Kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya ardhi, ulipe ada ya upekuzi, uangalie jina lililo kwenye hati. Angalia pia kama kuna mkopo wa benki uliowekewa nyumba hiyo dhamana, maana mkopo mkubwa na wa karibuni ni dalili ya ujenzi. Mmiliki akiwa kampuni, tafuta kwenye usajili wa makampuni nani ni wakurugenzi wake. Ukipata jina jipya, barua zako zote ziende kwa jina hilo. Muulize mwenye nyumba wa zamani kwa maandishi fedha zako za amana ziko wapi, na kama mnunuzi amekabidhiwa. Swali hilo likichelewa, kila mmoja humtupia mwenzake.

Halafu nenda ofisi ya mipango miji. Hapa ndipo nilipopata jambo lililonisaidia kuliko yote, na lilinigharimu asubuhi moja tu. Niliomba kuona michoro ya jengo lililoombewa kibali. Ofisa alinifungulia kitabu kikubwa cha karatasi mezani, akanionyesha ghorofa ya chini. Mimi ni mshonaji, michoro naisoma: mstari, kipimo, mkunjo. Nilihesabu. Ukumbi wa kuingilia, lifti mbili, chumba cha jenereta, maegesho, na mbele barabarani fremu mbili. Kila moja ilikuwa kubwa kuliko fremu zetu nne zikiunganishwa.

Siku ile tulikuwa tukiambiwa kwamba jengo likikamilika sote tutarudi. Tulikuwa tisa, na mchoro ulikuwa na fremu mbili. Nilitoka pale nikijua kwamba natafuta mahali pengine, na nilijua mwaka mzima kabla ya wenzangu waliosubiri kurudi. Ukifanya jambo moja tu katika haya ninayokueleza, lifanye hili: kaone mchoro wa ghorofa ya chini, uhesabu fremu.

Ukiwa hapo uliza pia muda wa kutoa pingamizi. Miji mingi humtaka mwombaji abandike tangazo kwenye kiwanja au alitoe gazetini, na muda wa kupinga huwa mfupi, mara nyingi siku au wiki chache. Pingamizi la "tunaomba mtuhurumie" halina uzito. Lenye uzito hutaja kitu ambacho ofisa wa mipango miji anaweza kukiandika kama sharti: fremu ndogo ziwepo, njia ya wapita kwa miguu isizibwe wakati wa ujenzi, ghorofa ya chini upande wa barabara isiwe ukuta wa maegesho.

Soma mkataba wako ukiwa umetulia

Kaa nao usiku mmoja, kalamu mkononi. Unatafuta vitu vitatu. Kimoja ni muda: unaisha lini, na una haki ya kuongezewa au la. Cha pili ni kifungu cha kuvunja mkataba, kile kinachosema mwenye nyumba anaweza kuusitisha mapema akitaka kubomoa au kujenga upya. Mara nyingi kimefichwa katikati ya mambo ya usafi na maji. Cha tatu ni maboresho: sakafu uliyoweka, nyaya ulizovuta, kabati ulizojenga ukutani, ni vya nani ukiondoka. Mimi nilikuwa nimeweka vigae na taa za dari kwa fedha zangu bila karatasi yoyote ya ruhusa. Vyote vilikwenda na jengo.

Sheria zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi, na tofauti hizo si ndogo. Kenya ina sheria maalumu ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301. Inamlinda hata mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na mwenye mkataba ulioandikwa usiozidi miaka 5. Mwenye nyumba hawezi kumtoa kwa maneno: ni lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa, isiyopungua miezi 2, na aseme sababu. Nia ya kubomoa au kujenga upya ni moja ya sababu zinazokubalika, lakini mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza linaloamua migogoro ya kodi za majengo ya biashara. Ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au anakataa, na apeleke shauri barazani kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Akikaa kimya, notisi inashika.

Uingereza, sheria ya mwaka 1954 inampa mpangaji wa biashara haki ya kuongezewa mkataba, na akikataliwa kwa sababu ya kubomoa hulipwa fidia inayokokotolewa kwa thamani ya jengo inayotumika kutoza kodi ya serikali. Aliyefanya biashara mahali hapo miaka 14 au zaidi hulipwa mara mbili. Lakini huko huko pande mbili zinaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba ulinzi huo hautatumika, na wapo wanaosaini bila kuelewa walichosaini. Ufaransa mkataba wa biashara kwa kawaida ni wa miaka 9, na mwenye jengo anayekataa kuuongeza kwa kawaida anatakiwa kulipa fidia inayolingana na hasara, ikiwemo thamani ya biashara yenyewe iwapo itapotea. Korea Kusini iliongeza mwaka 2018 muda ambao mpangaji wa biashara anaweza kudai kuongezewa mkataba, kutoka miaka 5 hadi 10. Tangu 2015 ilikuwa inalinda pia kilemba, yaani fedha ambazo mpangaji mpya humlipa anayetoka kwa sababu ya wateja na jina alilolijenga pale.

Nimezitaja ili uone kwamba kuhama kwa kubomolewa kunatambuliwa kisheria, kuna maneno yake na hesabu zake. Kabla ya kusema "kwetu hakuna kitu kama hicho", mlipe wakili saa moja akusomee sheria ya nchi yako na mkataba wako. Sisi tulichanga watu sita kwa saa hiyo moja.

Onyo moja hapa. Ukiletewa karatasi mpya ya kusaini baada ya dalili kuanza, hata ikiwa na kodi nafuu, usiisaini dukani. Mshona mapazia alisaini "makubaliano ya muda" yaliyompunguzia kodi kwa miezi sita. Ukurasa wa pili ulisema anaondoka bila madai yoyote atakapoambiwa.

Andikia wateja wako hati

Kila fundi cherehani ana daftari la vipimo. Langu lilikuwa la jalada gumu la bluu, limekaza kwa chaki na mafuta ya mashine, na lilikuwa la nne tangu nianze. Kila ukurasa ni mtu: jina, simu, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na pembeni maneno kama "bega la kushoto limeshuka" au "hapendi kubanwa shingoni". Miaka yote niliona daftari hilo kama kifaa cha kazi. Wakili alipouliza ninathibitishaje kwamba nina wateja wa kudumu, nililiweka mezani, akalifungua, akafungua kurasa nyingine na nyingine, akasema, "Fundi, hii ndiyo biashara yako. Chumba ni kivuli tu."

Fundi saa hakuwa na daftari. Alikuwa mzee wa kumbukumbu kali, anakujua kwa saa yako. Alipoulizwa aonyeshe wateja wake hakuwa na cha kuonyesha, na alipohama hakuwa na namna ya kuwaambia. Watu walikuja kumtafuta kwenye mabati ya ujenzi kwa miezi, mimi mwenyewe nimekutana nao.

Anza leo kutunza faili moja lenye vitu hivi: mkataba na kila risiti ya kodi kwa mfuatano wa tarehe, leseni za biashara za miaka yote uliyokaa, mauzo ya kila mwezi, walau miaka mitatu nyuma, picha za ndani na nje zenye tarehe, stakabadhi za kila ulichojenga au kukarabati, na orodha ya wateja wenye simu zao. Kama kodi hulipwa mkononi bila risiti, anza mwezi huu kulipa kwa benki au simu ili kumbukumbu ibaki. Mazungumzo ya mdomo na mwenye nyumba yafuatishe na ujumbe mfupi siku ile ile: "Kama tulivyoongea leo asubuhi, umesema..." Asipokanusha, una maandishi.

Kuhusu orodha ya wateja, usiichukue simu ya mtu kwa hila. Mwambie ukweli, kwamba huenda ukahama na ungependa kumjulisha. Sikupata hata mmoja aliyekataa.

Kaeni pamoja kabla ya kuitwa mmoja mmoja

Mnunuzi alituita ofisini kwake mmoja baada ya mwingine, kwa siku tofauti. Mwenye duka la dawa aliambiwa atapewa fremu katika jengo jipya. Kijana wa redio aliambiwa hakuna fidia kwa mtu asiye na mkataba. Mimi niliambiwa wengine wote wameshakubali. Tulipokutana jioni moja saluni, milango imefungwa, na kila mmoja akasema alichoambiwa, ndipo tulipojua kwamba hakuna aliyekubali kitu. Tulipoteza wiki saba kwa kuona aibu kuulizana.

Mkutane mapema, hata kama ni watu watatu. Andikeni muhtasari wa kila kikao. Mchagueni mmoja mwenye ulimi mtulivu awe msemaji, na mwingine mwenye mwandiko awe katibu. Mwekeane sharti moja tu, kwamba hakuna anayekwenda kuzungumza peke yake bila kuwaambia wenzake. Msidai kwamba wote mpate kitu kimoja, kwa sababu mahitaji hayafanani: mwenye duka la dawa anahitaji muda wa kuhamisha kibali, saluni inahitaji maji na bomba, mimi nilihitaji umeme wa kutosha na mwanga wa dirisha.

Mwombe nini? Hapa watu wengi huanza na fedha, na mimi naona wanakosea mpangilio. Anza na muda. Kwa mjenzi, miezi mitatu ya ziada kabla kibali hakijatoka haimgharimu sana, kwa sababu bado anasubiri benki na michoro. Kwako, miezi mitatu ni tofauti ya kuhama na kufukuzwa. Baada ya muda omba kusamehewa kodi katika miezi ya mwisho, na wewe kwa upande wako uahidi kuacha fremu ikiwa tupu kwa tarehe mliyokubaliana. Kisha gharama za kubeba na kufunga mitambo upya. Kisha nafasi ya kubandika anwani zenu mpya kwenye mabati ya ujenzi, jambo ambalo tulilipata bila ubishi wowote kwa sababu hakuna aliyefikiri lina thamani. Fedha ya fidia ije baada ya hapo, ukiwa na faili lako mkononi.

Ahadi ya kurudi ichunguzwe kwa makini. Iwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo ijibu: fremu namba ngapi katika mchoro, ukubwa gani, kodi itapangwaje, ada ya huduma za jengo ni ya nani, itakabidhiwa ikiwa na sakafu na umeme au kuta tupu, na itakuwaje ujenzi ukichelewa. Fremu mpya mara nyingi hukabidhiwa kama ganda tupu, na kuijaza ni gharama yako. Tena kuna sababu ya kibenki: mkopeshaji wa mjenzi huona usalama zaidi akisikia mpangaji wa chini ni kampuni kubwa yenye matawi mengi, kuliko mafundi tisa. Ndiyo maana fremu zinachorwa kubwa. Mkitaka ndogo, ombeni wakati mchoro bado ni penseli.

Umoja haumalizi kila kitu, na sitaki kukudanganya. Huko London kulikuwa na jengo la maduka la Elephant and Castle, lililofunguliwa mwaka 1965. Lilikuwa limejaa wafanyabiashara wadogo, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini. Wafanyabiashara na wakazi walipigania haki zao kwa miaka, na jengo lilifungwa Septemba 2020 hata hivyo. Lakini katika kupigania walipata masharti ya kuhamishwa, na maduka ya muda yaliyojengwa karibu kwa ajili yao. Si wote waliopata nafasi. Waliopata walibaki hatua chache kutoka kwa wateja wao. San Francisco nayo ilianzisha mwaka 2015 orodha rasmi ya biashara kongwe zilizokaa miaka 30 au zaidi, ili ziweze kusaidiwa zibaki. Mji wako unaweza usiwe na orodha hiyo, lakini diwani anaweza kuulizwa kwa nini.

Fuata miguu ya wateja

Kosa la kawaida ni kutafuta fremu kwa kuangalia kodi kwanza. Kabla ya kuzungumza na dalali yeyote, nilibandika ramani ya mtaa ukutani, nikaweka kisahani cha pini zangu za kushonea chini yake. Kwa mwezi mmoja kila mteja aliyeingia nilimwomba achomeke pini mahali anapotoka. Watoto waligombania. Mwisho wa mwezi niliona jambo ambalo miaka 17 sikuliona: pini nyingi hazikuwa zimezunguka duka langu. Zilikuwa zimelala kama mstari kando ya barabara moja upande wa mashariki, kwa sababu wateja wangu walikuwa wakishuka kwenye kituo cha basi kilichokuwa mbele yetu. Wengi walikuwa wananipitia wakitoka kazini.

Basi nikatafuta fremu kwenye njia hiyo hiyo ya basi, vituo vitatu mbele. Ni dirisha jembamba kuliko la zamani na kodi ilikuwa juu kidogo ya fremu niliyoonyeshwa kwingine. Ile ya nafuu ilikuwa kwenye barabara ambayo hakukuwa na pini hata moja.

Ukishapata mahali panapoelekea kufaa, kaa hapo siku nzima, mara mbili, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Hesabu wapitao asubuhi, mchana na jioni, dakika thelathini kila kipindi. Angalia wanatembea upande gani wa barabara na kama wana mizigo. Uliza majirani maji na umeme hukatika mara ngapi. Halafu rudi ofisi ya mipango miji uulize kama nyumba hiyo mpya nayo ina maombi ya kujengwa, maana kuhama mara mbili ndani ya miaka mitatu kulimmaliza fundi viatu.

Kama inawezekana, hameni wawili au watatu pamoja. Mimi na saluni tuko mlango kwa mlango. Anayesubiri nywele huja kuulizia gauni, na wangu huenda kwake.

Mabati yakizunguka

Wapo watakaosalia wakati ujenzi umeanza kiwanja cha jirani. Kwao nitasema machache. Vumbi huua mashine na huchafua bidhaa, kwa hiyo funika kila kitu usiku. Mabati yakificha duka, dai kwa maandishi njia iliyo wazi na kibao, ukimtaja mkandarasi na tarehe. Andika mauzo ya kila siku ili kushuka kwake kuonekane. Na ujiwekee kikomo sasa, si baadaye: mauzo yakishuka chini ya kiasi fulani kwa miezi miwili mfululizo, unaondoka. Aliyebaki akisubiri hali ikae sawa alikula akiba aliyohitaji kuhamia.

Wiki ya kuhama

Acha kupokea kazi mpya wiki mbili kabla, umalize zilizopo. Nguo isiyochukuliwa, mpigie simu mwenyewe, usibebe mizigo ya watu kwenda mahali wasipopajua. Pigeni picha ya chumba kitupu, mita za maji na umeme zionekane namba zake, na mkabidhiane funguo kwa karatasi iliyosainiwa, ndipo uwe na ushahidi wa kudai amana yako. Badilisha anwani kwenye leseni, benki na mamlaka ya kodi wiki hiyo hiyo.

Tuma ujumbe kwa wateja mara tatu: mwezi mmoja kabla, siku ya kuhama, na wiki ya pili ukiwa umeshafungua. Ule wa tatu ndio unaoleta watu. Uandike kwa lugha ya kumwelekeza mtu anayetembea: shuka kituo fulani, mkono wa kulia, mlango wenye pazia la bluu.

Kibao chetu kwenye mabati kilikuwa na majina ya biashara sita, michoro midogo ya mishale na namba za simu, kilichoandikwa na yule wa steshenari kwa rangi isiyofutika kwa mvua. Kilikaa miezi 14. Siku moja alikuja mama mmoja ambaye sikuwa na simu yake, ameshika suruali ya mwanawe iliyopasuka gotini, na karatasi aliyonakilia mshale. Nilimuuliza jina, nikafungua daftari la bluu. Alikuwa ukurasa wa 112. Vipimo vya mtoto vilikuwa vimebadilika vyote, nikafungua ukurasa mpya.